Ofisi ya pamoja Kigoma: nani atalipia meza?

Swali: "Shikamoo mama. Naishi Mwanga, Kigoma, nina miaka 31. Kazi yangu ni kutafsiri Kifaransa na Kiswahili kwa njia ya mtandao, na naifanyia chumbani kwangu. Marehemu baba ametuachia nyumba ya vyumba vinne karibu na barabara kubwa. Kaka zangu wawili wanataka tubomoe ukuta wa mbele tutoe fremu za maduka. Mimi nataka tufungue ofisi ya pamoja, mtu alipie meza kwa siku au kwa mwezi, akute umeme na intaneti. Wao wanasema ofisi za aina hiyo zimefilisika hata Marekani, na siku hizi watu wanafanyia kazi nyumbani. Je, zina kesho kweli? Mji kama wetu utaziweza? Na kama ni ndiyo, nitafute meza na viti vya aina gani?"

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa kuondokewa na baba.

Habari waliyoisikia kaka zako ni ya kweli, kwa hiyo usibishane nao juu ya hilo. Kampuni ya ofisi za pamoja ya WeWork ilianzishwa New York mwaka 2010, ikapanda mpaka mwanzoni mwa 2019 ikathaminiwa dola bilioni 47, na Novemba 2023 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Lakini waulize kaka zako: ilianguka kwa nini? Ilikuwa inakodi maghorofa kwa mikataba ya miaka mingi, halafu inauza meza kwa mwezi. Mteja wake aliweza kuaga wiki ijayo, yeye kwa mwenye jengo hakuwa na mlango wa kutokea. Ugonjwa wa korona ulipokuja mwaka 2020 wateja wakaondoka, kodi ikabaki palepale. Mahakama iliporuhusu mikataba mingi ivunjwe au ipunguzwe, kampuni ikatoka kwenye ufilisi Juni 2024, na mpaka leo inauza meza.

Tena haikuwa ya kwanza. Regus, kampuni nyingine ya kukodisha ofisi, iliyoanzishwa Brussels mwaka 1989, ilifika hapohapo mwaka 2003 kwa upande wake wa Marekani, baada ya kampuni changa za intaneti zilizokuwa wapangaji wake kuporomoka. Somo lililotoka pale linajulikana na kila mtu wa kazi hii: ukinunua nafasi kwa miaka na kuiuza kwa siku, hatari yote umeibeba wewe.

Nami niliibeba. Mwaka 2018 nilichukua ghorofa nzima Mwanza kwa mkataba wa miaka mitatu, kodi ya mwaka mmoja mbele. Nikapaka rangi, nikanunua viti 40 vya kuzunguka, nikaweka mashine ya kahawa. Siku ya kufungua watu walijaa. Miezi minne baadaye nilikuwa na watu tisa kwa siku, na viti 31 vinanitazama. Korona ilipofika nilikuwa tayari naishi kwa kukopa. Nilipoanza tena Tabora nilianza na chumba kimoja nyuma ya steshenari, meza moja ndefu, watu sita. Chumba kile ndicho kilichonilipia ada za watoto, na ndicho kilichonifundisha haya ninayokuandikia.

Sasa, wewe una kitu ambacho WeWork haikuwa nacho na mimi Mwanza sikuwa nacho: nyumba ni ya kwenu. Nitalirudia hili, maana ndani yake kuna mtego pia.

Kuhusu watu kufanyia kazi nyumbani, hilo nalo ni kweli nusu. Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford alifuatilia wafanyakazi wa kampuni moja ya safari ya China. Waliofanyia kazi nyumbani walizalisha zaidi kwa asilimia 13. Lakini walipopewa nafasi ya kuchagua tena, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, na kilio kikubwa kilikuwa upweke. Utafiti wake mwingine katika kampuni hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2024, uliwahusu wafanyakazi 1,612: waliokaa nyumbani siku mbili kwa wiki hawakushuka kazi, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Ukitazama, kinachokua ni watu wanaogawa wiki. Siku mbili hapa, tatu pale. Mtu wa namna hiyo hahitaji ofisi ya mwaka mzima, anahitaji meza ya Jumanne na Alhamisi. Ndipo ofisi ya pamoja inapopata riziki.

Ila takwimu za wenzetu zinahesabu nyumba yenye chumba cha ziada, umeme usiokatika na mlango unaofungwa. Nyumba zetu zina nini? Wewe mwenyewe unajua. Unaanza sentensi ya pili ya hati ya mahakama, mtoto wa dada anataka laptopu aangalie katuni, jirani anagonga kuomba chumvi, mgeni anabisha hodi, na adabu haikuruhusu kumwambia mgeni "niko kazini" wakati umekaa kitandani na khanga. Mwanamke anayefanya kazi nyumbani kwetu huonekana yupo tu, yaani hana kazi. Nimeona wasichana wakilipia meza si kwa sababu ya intaneti. Walilipia ili wapate kutoka asubuhi wamevaa, na nyumbani waseme "ameenda kazini". Hicho ni kitu cha kuuza, mwanangu, tena ni kitu cha heshima. Kiweke mbele ya vyote.

Na usidhani unaleta jambo geni Kigoma. Fundi cherehani anayekaa kwenye baraza ya duka la mtu, akamlipa mwenye duka kidogo kwa wiki na umeme wa pasi wanagawana, huyo yuko kwenye ofisi ya pamoja. Saluni ya wasusi watano walio na vioo vyao na kila mmoja wateja wake, vilevile. Na steshenari ya mjini kwenu ndiyo ofisi ya pamoja kubwa kuliko zote: pale kijana anajaza maombi ya ajira serikalini, mwanafunzi anaomba mkopo wa chuo, mama anasajili jina la biashara kwa Brela, wakala wa serikali wa kusajili biashara, mfanyabiashara aliyeshuka na boti kutoka Kalemie, Kongo, anaskani hati zake. Kaa steshenari moja asubuhi nzima, uhesabu ni wangapi wameomba wakae "dakika tano tu" wamalizie jambo. Hao ndio wateja wako wa kwanza, na wengi wao hawajawahi kusikia neno ofisi ya pamoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chumba cha mbele kiwe steshenari, cha pili ndicho kiwe cha meza. Vyumba viwili vilivyobaki usiviguse kwanza, pangisha. Steshenari italipa umeme na intaneti tangu mwezi wa kwanza, na itakuletea watu mlangoni bila bango.

Tuhesabu kidogo, kwa mfano tu, bei halisi utazipanga wewe. Chukulia meza ya siku nzima ni shilingi 3,000, una nafasi nane, siku 26 za kazi kwa mwezi. Ukijaa kila siku unapata 624,000. Hutajaa. Panga kwa nusu: 312,000. Toa intaneti, umeme, msichana wa usafi, maji ya kunywa, karatasi za msalani. Kinachobaki kilinganishe na kodi ambayo chumba hicho kingepata kama fremu. Kama fremu inazidi, kaka zako wako sahihi kwa chumba hicho na usione haya kukubali. Hesabu hii ifanye nao, mezani, kalamu wameshika wao.

Nafasi ya kuongeza kipato haiko kwenye kuongeza viti. Iko kwenye saa. Mteja wako wa tafsiri akiwa New York, saa tatu asubuhi kwake ni saa kumi au kumi na moja jioni kwako, kutegemea majira yao. Watu wanaofanya kazi na nje huanza kuchangamka wakati ofisi zetu zinafungwa. Meza iliyouzwa asubuhi kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria inaweza kuuzwa tena jioni kwa mtu wa mtandaoni. Lakini ukifungua mpaka saa nne usiku, weka taa ya nje inayomulika mpaka barabarani, mlinzi, na bodaboda wawili unaowajua kwa majina na sura. Bila hayo wanawake hawatakuja jioni, na ukiwakosa wao umekosa nusu ya soko.

Sasa umeme, maana hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Kigoma ilikaa miaka mingi kwenye majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na hata sasa hakuna mji wetu usiokatikiwa. Utaambiwa ununue betri moja ya volti 12, amp 200, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, "utakaa siku nzima". Hutakaa. Betri hiyo ina wati-saa 2,400. Kama ni ya asidi usiivute zaidi ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo una 1,200. Laptopu nane za wati 50 ni 400. Ongeza rauta, taa, na feni mbili za wati 60, umefika kama 550. Toa na kinachopotea kwenye inveta. Hapo una saa mbili hivi, si zaidi. Betri za lithiamu hukuruhusu kutumia karibu zote, bei yake iko juu lakini kwa kazi ya kila siku ndizo ningenunua. Na printa ya leza isiguse inveta kabisa. Inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa ghafla, inaweza kufika elfu moja, na kila kitu kinazima. Niliwahi kumpotezea kijana mmoja usaili wa kazi kwa njia hiyo: yuko kwenye video na waajiri, mtu chumba cha mbele kaprinti cheti, giza. Alinitazama tu, hakusema neno. Tangu siku ile printa yangu ina waya wake.

Intaneti uwe na njia mbili za kampuni mbili tofauti, ya faiba kama imefika mtaani kwenu, na rauta ya laini ya simu pembeni. Lakini usimwahidi mtu kwamba haitakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika pwani ya kusini mwa Afrika, na nchi nzima ikapwaya. Siku kama hiyo kuwa na kampuni mbili hakukusaidii, kwa sababu zote zinaelekea baharini. Wafundishe wateja wako kupakua kazi kabla, wafanye bila mtandao, wapakie baadaye. Siku ile wangu wanne walimaliza kazi zao kwa namna hiyo wakazituma usiku.

Kuna jambo dogo ambalo halimo kwenye mipango ya biashara niliyoisoma, nalo ni mabati. Mvua zenu zinaanza karibu na Oktoba zinaendelea mpaka Aprili au Mei. Chumba cha bati bila dari, mvua ikinyesha, mtu hasikii hata sauti yake mwenyewe, sembuse ya mteja aliye Paris. Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu, weka dari kabla ya rangi na kabla ya kiyoyozi. Halafu kona moja jenga kibanda cha simu, upana wa mtu mmoja na kiti: fremu ya mbao, ndani ubandike vipande vya godoro vilivyofunikwa kitenge. Tundu la hewa juu usisahau. Kibanda changu cha Tabora kilitumia magodoro mawili machakavu, na kuna watu wanakuja kulipia nusu saa ya kibanda tu, meza hawataki.

Nani wengine watakuja? Mji wenu una kitu ambacho Dodoma au Morogoro haina. Kigoma mtu anazungumza Kiha na Kiswahili, Kirundi anakielewa, Kifaransa amekiokota kwa Wakongo na Warundi, na shule imempa Kiingereza. Nimetafuta watu wa namna hiyo Dar es Salaam kwa kazi za ukalimani, nikaishia kupiga simu Ujiji. Wewe ni mmoja wao. Wakalimani, watu wa kunukuu sauti kuwa maandishi, mawakala wa forodha wanaosubiri meli ishushe mzigo, wafanyabiashara wa mawese na dagaa wanaotaka mtu wa kuwaandikia ankara, hao wakikaa meza moja wataanza kupeana kazi. Hapo ndipo ofisi ya pamoja inapozidi nyumbani na kuzidi fremu. Ukiona watu wawili waliokutana kwako wanagawana kazi moja, andika tarehe.

Tahadhari mbili lakini. Ya kwanza, usijenge juu ya mashirika ya wakimbizi peke yake. Mkoa wenu umezoea fedha zao tangu miaka ya 1990, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi wa mashirika walirudi nyumbani na mikoba yao. Ya pili inakugusa wewe mwenyewe: programu za kutafsiri zimebadilisha kazi yako na zitaendelea kuibadilisha. Siku hizi wateja wengi wanaleta maandishi yaliyokwisha tafsiriwa na mashine, wanataka mtu wa kuyanyoosha, na wanalipa pungufu. Ofisi iliyojaa watu wa kazi moja huanguka siku kazi hiyo inapoanguka. Changanya. Mhasibu, mchora ramani, mwalimu wa masomo ya jioni, mtu wa kuhariri video za harusi.

Na reli ya kisasa isikupandishe bei kabla ya wakati. Mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na siku treni itakapofika mji utabadilika. Panga kwa mji uliopo.

Sasa nirudi kwenye mtego wa nyumba ya kwenu. Nyumba si yako, ni ya warithi watatu, na mama kama yupo, wanne. Usiweke hata dari kabla mirathi haijafunguliwa mahakamani na msimamizi hajathibitishwa. Nimeona biashara nzuri ikifa kwa sababu kaka alioa, akataka chumba chake. Mkishamaliza, fanya hivi: ofisi iwe yako, nyumba iwe ya familia, na wewe uwe mpangaji wa familia kwa maandishi. Kodi lipa kila mwezi, hata kama ni ndogo kuliko ya mtaani kwa mwaka wa kwanza, na iandikwe kwamba ni ndogo kwa makubaliano. Kaka zako wakiona pesa inaingia, hata 40,000, hawatakuona mtu aliyekalia urithi. Nawe utajua kama biashara inajilipia au inakula nyumba ya baba. Kosa la wengi wenye majengo yao ni hili la pili: hawailipi kodi, wanadhani wanapata faida.

Mambo ya kisheria nitapita haraka. Jina la biashara Brela, namba ya mlipakodi, leseni kutoka Manispaa ya Kigoma Ujiji. Wapo watakaoomba kutumia anwani yako kusajili biashara zao. Kubali kwa mkataba na nakala ya kitambulisho, la sivyo siku wakitafutwa utatafutwa wewe. Halmashauri ina mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, lakini hutolewa kwa vikundi, na mimi nisingekopa ndani ya miezi sita ya kwanza.

Moja la sheria siwezi kulipita. Fungua kompyuta ya steshenari yoyote uone kilichoko kwenye kioo: vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, matokeo ya vipimo vya hospitali, vya watu ambao hata hawakumbuki walipita pale. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zaidi ya sheria, ni amana. Kila jioni kabla ya kufunga, futa mafaili ya siku hiyo na uchane karatasi zilizobaki kwenye printa. Watu wa Kigoma wanajuana. Wakijua kwako siri inakaa, watakuja hata kama jirani ana bei ndogo.

Kabla ya kununua chochote, chukua daftari. Weka meza mliyo nayo, viti vya plastiki, bando la simu, alika watu unaowajua kwa miezi mitatu kwa bei ya chini, lakini isiwe bure. Andika kila anayeingia: siku, saa aliyofika, saa aliyoondoka, alikuja kufanya nini, amerudi au hajarudi. Waliorudi mara tatu ndio wa kuwahesabu. Wakifika kumi na tano, tafuta fundi.

Na fundi mwambie hivi. Meza mbili ndefu za mninga, kimo sentimita 75, upana sentimita 70 kama watu wanakaa upande mmoja. Viti vya mbao vyenye mgongo, kimo cha kukalia sentimita 45, mito ya kitenge iliyofungwa kwa kamba ili iweze kufuliwa. Viti vya kuzunguka niliuza vyote. Magurudumu yanakufa kwenye sakafu ya saruji na vipuri huvipati. Soketi ziwe juu ya meza, moja kwa kila mtu, watu wasiiname chini ya miguu ya wenzao. Matundu ya nyaya ayatoboe kabla ya kupiga vanishi, maana mninga ukitobolewa baadaye rangi inabanduka pembeni mwa tundu. Upande wa dirisha mwachie mtu anayekuja mapema kuliko wote. Utamjua ndani ya wiki ya kwanza.